Mazungumzo ya Nyumbani: Mtoto wa Mwisho Kuteuliwa



Miongoni mwa barua tulizozipokea mwezi huu imo ya mama mmoja ambaye jina lake na mji wake tunavisitiri, kwa kuwa khabari yenyewe yamkhusu mwanawe. Mama huyu ana mtoto wa kiume wa miaka 11. Asubuhi yuko skuli, alasiri yuko madrasa. Hana ukaidi, na Juzuu Amma yote ameihifadhi. Lakini mpira na yeye hawapatani. Skuli, manahodha wawili wanaposimama kuteua wachezaji mmoja mmoja, yeye ndiye anayesalia wa mwisho. Mara nyingine huwasikia wakigombana juu yake, na ugomvi wenyewe si wa kumtaka, kila upande wawaambia wenzao, "Mchukueni ninyi."

Sasa, siku za karibuni mama amemkuta mwanawe akisoma kitabu cha Kizungu chenye picha za kuchekesha, akicheka peke yake mpaka machozi yakimtoka. Alipokipekua aliona ni visa vya mtoto wa Kimarekani asiyejua michezo, mvivu, tena si mkweli sana, ambaye analazimika kucheza mpira wa kikapu. Mama anatuuliza mambo mawili. Je, amnyang'anye kitabu hicho? Na je, amwandikie mwalimu barua ili mtoto asamehewe michezo kabisa, apumzike na aibu?

Swali hili si la nyumba moja. Katika kila darasa yumo mtoto wa mwisho kuteuliwa, na aghlabu wazee wake hawana khabari, kwa kuwa mtoto huona haya kusema. Kwa hivyo tumeona tulijibu hapa, mbele ya wasomaji wote: la kitabu kwanza, kisha la michezo.

Kitabu chenyewe

Kwa sifa alizozitaja mama, kitabu hicho ni kimoja katika mfululizo wa Jeff Kinney uitwao "Diary of a Wimpy Kid", yaani, kwa lugha yetu, shajara ya mtoto mnyonge. Msimulizi wake ni mtoto aitwaye Greg Heffley. Hicho cha mpira wa kikapu ni cha 16 katika mfululizo huo, nacho chaitwa "Big Shot". Kilitolewa Oktoba 2021.

Khabari za mwandishi zafaa kujulikana, kwani na yeye alionja kuachwa nje. Kinney alizaliwa mwaka 1971, akakulia katika jimbo la Maryland, Marekani. Alipokuwa chuo kikuu alichora katuni katika gazeti la wanafunzi, na matumaini yake yalikuwa magazeti makubwa yachukue michoro yake. Hayakuichukua. Basi tangu mwaka 1998 akawa anakusanya visa vya utoto katika daftari, mwaka 2004 akaanza kuvitoa katika intaneti, na mwaka 2007 kikachapishwa kitabu cha kwanza. Ajabu ni kwamba yeye alidhani anawaandikia watu wazima wanaokumbuka utoto wao. Wachapishaji ndio walioona kwamba hiki ni kitabu cha watoto. Tangu hapo vitabu vyake vimeuzwa zaidi ya nakala milioni 250 duniani, na vimefasiriwa kwa lugha nyingi.

Kwa nini watoto wavipende hivyo? Sababu moja ni umbo lake. Kurasa zimepigwa mistari kama daftari la skuli, maandishi yamefanana na mwandiko wa mkono, na kila ukurasa una picha. Mtoto mzito wa kusoma hujikuta amemaliza kurasa mia mbili na hakuchoka. Sababu ya pili, na ndiyo kubwa, ni Greg mwenyewe. Greg si shujaa. Katika hadithi nyingi za watoto, aliye dhaifu mwanzoni huwa bingwa mwishoni. Greg hukwama, akainuka, akakwama tena, kama watoto wengi walivyo.

Na katika michezo ndiko anakokwama zaidi. Katika kitabu cha kwanza, somo la mieleka lilipoingia skuli, alipangiwa kupigana na mtoto wa ajabu ajabu ambaye kila mwanafunzi humkimbia. Katika kitabu cha pili, cha mwaka 2008, ametiwa katika timu ya kuogelea. Maji ni ya baridi, basi yeye hujificha chooni na kujizungushia karatasi za chooni apate joto. Katika cha tatu, cha mwaka 2009, baba yake awatazama watoto wa mkubwa wake wa kazi, hodari wa kila mchezo, kisha amtazama mwanawe, na moyo humuuma. Amwandikisha katika timu ya mpira wa miguu. Siku moja Greg asimamishwa golini. Akashughulika na kuchezea vijiua vya uwanjani, mpira ukampita, na timu ambayo haijapata kufungwa msimu ule ikafungwa.

Katika hicho cha 2021, baada ya siku ya michezo ya skuli iliyomwendea vibaya, Greg aamua kwamba yeye na michezo basi. Mama yake amsihi ajaribu mara moja zaidi. Akubali shingo upande, aenda kwenye majaribio ya mpira wa kikapu akiwa na yakini kwamba hatachaguliwa. Na kwa bahati, wala hatujui tuiite njema au mbaya, achaguliwa katika timu iliyo mbovu kuliko zote. Mwisho wake hatuutaji, tusimharibie kijana ladha ya kitabu chake.

Hapa tutaje jambo moja kwa faida ya vijana wanaoupenda mchezo huo. Mpira wa kikapu ulibuniwa Disemba 1891 na mwalimu aitwaye James Naismith katika mji wa Springfield, jimbo la Massachusetts, jimbo lile lile anamoishi Kinney sasa. Ilikuwa majira ya baridi kali, wanafunzi wamefungika ndani, hawana la kufanya ila fujo. Naismith alitundika vikapu viwili vya kutilia matunda, akaandika kanuni 13, na katika kanuni hizo akakataza kusukumana, kushikana, kupigana bega na kutegana miguu. Watu 18 walicheza mara ya kwanza, tisa kila upande. Basi asili ya mchezo huu ni kuwapa watu wote mazoezi bila ya kuumizana. Kumfanya mtoto aone haya ya nafsi yake ni jambo lililoongezwa baadaye na wachezaji wenyewe.

Kicheko cha halali na kicheko cha haramu

Sasa tuje kwenye khofu ya mama: je, kucheka huku kunafaa?

Mwenyezi Mungu katika Sura ya 49, Al-Hujurat, aya ya 11, ametukataza watu kuwadharau na kuwafanyia mzaha watu wengine, wanaume kwa wanaume na wanawake kwa wanawake, kwani huenda wanaochekwa ni bora kuliko wanaocheka. Tena akatukataza kuitana kwa majina ya kuumizana. Aya hii ndiyo mizani yetu. Kicheko kinachomshusha mtu mbele ya wenzake ni haramu, hata kikiitwa utani. Na mtoto aliyebandikwa jina baya kwa ajili ya miguu yake mizito ana haki juu ya mwalimu, na juu ya wazee wa aliyembandika, jina hilo likomeshwe.

Lakini si kila kicheko ni hicho. Mtume Muhammad (S.A.W.) alikuwa na rafiki wa jangwani, jina lake Zahir, ambaye, kama anavyosimulia Anas bin Malik, hakuwa mzuri wa sura. Siku moja Zahir alikuwa sokoni akiuza bidhaa zake, Mtume akamjia kwa nyuma akamkumbatia, naye hakuona ni nani. Alipotambua, akazidi kujiegemeza kwake. Mtume akauliza kwa mzaha ni nani atakayemnunua mtu huyu. Zahir akajibu kwamba basi hatapata mnunuzi, kwani bidhaa yenyewe haina thamani. Hapo Mtume akamwambia kwamba mbele ya Mwenyezi Mungu yeye ni mwenye thamani. Tazama mzaha ulipoanzia na ulipoishia! Ulianza na bidhaa isiyouzika, ukamwacha mtu ameinuliwa kuliko alivyokuwa.

Je, kicheko cha kitabu hiki ni cha namna gani? Sisi twaona, kwa sehemu kubwa, si cha dhihaka, na dalili yake ni hii: anayechekwa ndiye anayesimulia. Greg hujitetea katika maneno, kisha picha iliyo chini yake humtoboa. Maneno yasema alikuwa shupavu; picha yamwonyesha akitetemeka. Mtoto anayesoma hujifunza kuona tofauti iliyoko baina ya anayojisifia mtu na anayoyatenda, na hilo ni somo ambalo hata wazee wengi hawajalimaliza. Tena, kijana yule asiyeteuliwa anapomwona Greg akisalia wa mwisho, hupata faraja iliyomo katika msemo wa wahenga, kwamba hapana msiba usio na mwenziwe. Huenda machozi aliyoyaona mama si ya kicheko peke yake.

Walakini hatusemi kitabu hakina kasoro. Greg husema uwongo, hukwepa kazi, na humtumia rafiki yake Rowley kwa manufaa yake. Mtoto asiachiwe kuyameza hayo bila ya kutafuna. Lakini dawa ya kitabu cha namna hii si kukinyang'anya, kwani kilichonyang'anywa husomwa chini ya shuka. Dawa ni mama au baba kukaa na mwanawe, wakasome pamoja sura mbili tatu, wacheke pamoja, kisha amwulize, "Hapa Greg amemfanyia haki mwenzake? Wewe ungalifanyaje?" Maswali mawili ya namna hii, yakiulizwa kwa upole, hufunza kuliko mawaidha ya saa nzima.

Na iko kasoro nyingine iliyojificha zaidi. Greg hujipima daima kwa macho ya watu: nani amemwona, nani amemcheka, nani amempita. Mizani nyingine hana. Mtoto wa Kiislamu anayo mizani nyingine, na ni wajibu wetu kumwonyesha.

Miundi ya Ibn Mas'ud

Imepokewa katika Musnad ya Imamu Ahmad kwamba Abdullah bin Mas'ud, sahaba mtukufu, alikuwa akichuma miswaki katika mti. Alikuwa mtu mwembamba sana, na upepo ukawa unampepesusha, miundi yake ikaonekana. Waliokuwapo wakacheka. Mtume (S.A.W.) akawauliza wanacheka nini. Wakasema wanacheka wembamba wa miundi yake. Mtume akaapa kwa Yule ambaye nafsi yake i mkononi mwake kwamba miundi ile katika mizani itakuwa mizito kuliko jabali la Uhud.

Kisa hiki wengi wanakijua, lakini tukitazame tena kwa ajili ya mtoto wetu. Kwanza, waliocheka hawakuwa watu waovu. Walikuwa masahaba, na kicheko kiliwaponyoka kama kinavyotuponyoka sisi uwanjani. Hata hivyo Mtume hakukinyamazia, wala hakungoja mpaka faraghani. Alikisahihisha pale pale, mbele ya yule aliyechekwa, ili aliyeumizwa hadharani aponywe hadharani. Mwalimu wa michezo na achukue somo hapa.

Pili, na hili ndilo linalojibu swali la pili la mama: Ibn Mas'ud alikuwa wapi alipochekwa? Alikuwa mtini, kazini. Wembamba wa miguu yake haukumfanya akae chini awatazame wenziwe. Wala Mtume hakumwambia ateremke asionekane. Ndiye huyo huyo aliyethubutu kuisoma Kurani kwa sauti mbele ya Makureshi pale Makka, akapigwa usoni. Na ndiye wa kwanza kutajwa katika wale wanne ambao Mtume aliwaamrisha watu wachukue Kurani kutoka kwao. Basi mtoto mwenye miundi myembamba asivuliwe mchezo, avuliwe aibu.

Kwa hivyo twamshauri mama asiiandike barua ile. Mwili ni amana. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, lashauri watoto wa miaka 5 mpaka 17 wapate kwa wastani angalau dakika 60 za mazoezi ya mwili kila siku. Mtoto asiyejua mpira anazihitaji dakika hizo sawa na anayeujua, na pengine zaidi, kwani huyu hodari huzipata hata bila ya kutafuta. Na katika Sahih Muslim, Mtume ametufundisha kwamba muumini mwenye nguvu ni bora na apendeza zaidi kwa Mwenyezi Mungu kuliko muumini dhaifu, na kwamba katika kila mmoja wao imo kheri; kisha akaamrisha mtu afanye pupa kwa lile lenye kumfaa, amtake msaada Mwenyezi Mungu, wala asikate tamaa. Wapo wanaoisoma nusu ya kwanza ya hadithi hii na kuiacha ya pili. Imamu Nawawi alipoisherehesha alieleza kwamba nguvu inayokusudiwa ni ya azma ya nafsi katika mambo ya akhera. Basi mtoto aliyeangushwa mara tano akarejea mara ya sita ana nguvu, hata kama goli hajalifunga.

Farasi wa namna mbili

Utasema: sawa, acheze, lakini atacheza vipi na hali kila siku hushindwa? Hapa tuna mwongozo ambao laiti kila skuli ingeuandika ukutani.

Bukhari na Muslim wamepokea kutoka kwa Ibn Umar kwamba Mtume (S.A.W.) alishindanisha farasi Madina. Farasi waliofundishwa na kutayarishwa kwa mbio aliwaanzisha Al-Hafya mpaka Thaniyyatul-Wadaa, mwendo wa kiasi cha maili tano au sita. Na farasi ambao hawakutayarishwa aliwaanzisha Thaniyya mpaka msikiti wa Bani Zuraiq, mwendo wa kiasi cha maili moja. Ibn Umar mwenyewe alikuwa miongoni mwa walioshindana.

Tazama uadilifu huo. Wale wasiotayarishwa hawakuachwa zizini, wala hawakutiwa katika mbio za maili sita ili wachekwe. Waliwekewa mbio zao, zenye mwanzo wake na mwisho wake, na ushindani wake wa kweli. Ikiwa farasi alipimiwa mbio kwa kadiri ya maandalizi yake, je, mwana wa Adamu? Mwalimu anayewatia watoto wote katika mbio moja, kisha akamwandika wa mwisho kuwa mvivu, hakupima uvivu, amepima maandalizi.

Na kushindwa kwenyewe nako kuna adabu yake. Mtume alikuwa na ngamia jike aitwaye Al-Adbaa, ambaye hakuwa akishindwa mbio. Siku moja akaja bedui juu ya ngamia kijana, akampita. Anas asimulia, katika Sahih Bukhari, kwamba jambo lile liliwaelemea Waislamu mpaka Mtume akalitambua katika nyuso zao. Akawaambia kwamba ni haki juu ya Mwenyezi Mungu kwamba hakiinuki kitu chochote katika dunia ila hukishusha. Hakumlaumu ngamia, hakumtafutia bedui kosa, wala hakudai mbio zirudiwe. Wahenga wetu nao walisema, asiyekubali kushindwa si mshindani. Mtoto aliyezoea kushindwa kwa adabu amekwisha kupata lile ambalo bingwa asiyewahi kushindwa atakuja kulitafuta ukubwani kwa taabu.

Yatupasayo nyumbani

Kwanza, mtoto apelekwe kwa tabibu. Wako watoto ambao mpira huwapita kwa sababu hawauoni vizuri, na wengine husimama kwa sababu kifua chawabana kwa pumu. Miwani au dawa yaweza kumaliza aibu ya miaka. Isiwe twamwita mtoto mzito, na kumbe ni mgonjwa.

Pili, baba, au mjomba, au kaka, acheze naye mahali pasipo watazamaji. Bibi Aisha, Mwenyezi Mungu amuwie radhi, asimulia kwamba alipokuwa safarini na Mtume, Mtume aliwaambia watu watangulie mbele, kisha akashindana naye mbio. Mara ya kwanza Bibi Aisha alishinda. Baadaye, alipokwisha kuongezeka mwili, wakashindana tena, Mtume akamshinda, akacheka na kumwambia kwamba sasa wamelipana. Watu walitanguliwa kuondoshwa, kisha ndipo mchezo ukachezwa. Basi asubuhi mbili kwa juma baada ya sala ya Alfajiri, ufukweni au katika kiwanja kitupu, baba na mwana na mpira mmoja: kurusha na kudaka, kurusha na kudaka, bila ya kelele wala saa ya kupimia. Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Nasi twaongeza kwamba asiyetunzwa kwao atacheza wapi? Na binti naye asisahauliwe katika hayo, kwani aliyeshinda mbio za kwanza katika kisa hiki alikuwa mwanamke.

Tatu, tuache kulinganisha. Baba yake Greg alimpima mwanawe kwa watoto wa mkubwa wake wa kazi, na akavuna vijiua vya uwanjani. Mtoto anayeambiwa kila siku, "Mtazame mwenzio," hujifunza kumchukia huyo mwenzie, na mpira pia.

Nne, mama azungumze na mwalimu kwa heshima, uso kwa uso, amwombe jambo moja tu: desturi ya manahodha kuteua mmoja mmoja iachwe, na watoto wagawanywe kwa kuhesabu, moja, mbili, moja, mbili. Haigharimu hata senti moja, na inaondoa mnada huo wa watoto mbele ya wenzao. Na sisi tunaotengeneza michezo ya watoto siku za Idi, tusiweke mbio za kasi peke yake. Tuweke mbio za magunia, kubeba yai katika kijiko, kulenga shabaha na kuvuta kamba, ili kila mtoto apate mlango wake.

Na ninyi vijana hodari, mnaoteuliwa wa kwanza kila siku, neno letu la mwisho ni lenu. Kasi ya miguu yenu hamkuinunua. Mmepewa, na mtaulizwa mmeitumiaje. Wewe uliye nahodha, siku moja katika juma hili simama, na jina la kwanza utakalolitaja liwe la yule ambaye kwa desturi husalia wa mwisho. Huenda mkafungwa siku hiyo. Lakini mtazame usoni anapolisikia jina lake likitajwa mbele ya yote, kisha hesabu mwenyewe ni mabao mangapi yanayolingana na hilo katika mizani ya Siku ya Kiyama.

Mwenyezi Mungu awahifadhi watoto wetu, wenye mbio na wasio na mbio, awatie nguvu katika miili yao na imani katika nyoyo zao, na atujaalie sisi wazee wao tuwapime kwa mizani yake. Amin.

Wabillahi taufiiq.